Tarakimu Tisa

Magunia kumi na matatu ya dagaa,
waliokaushwa juu ya vichanja, hawana hata chembe ya mchanga,
na bei ikasimama palepale kwa wawili:
Mwavita Ruhaga, simu mkononi, mwaloni Katonga;
Festo Ntakije, simu mkononi, mwaloni Katonga.
Mnada ukafungwa. Mashine ikaandika
saa kumi na mbili na dakika kumi na nne,
sekunde tisa nukta tatu moja nane,
jina: Mwavita.
Mstari wa chini ikaandika hivyohivyo, jina: Ntakije.

Kumi na mbili ni yetu sisi. Seva huiita sita.
Daftari kuu, lifuatalo saa ya dunia, huiita tatu.
Jua la Kigoma, lisilomsikiliza yeyote kati yao,
lilikuwa bado halijapanda Mwanga.

Wakaja ofisini wote wawili, na harufu yao.
"Wewe ndiye mwenye saa," akasema Mwavita.
"Haya, nani alitangulia?"

Nikafungua msimbo nilioandika mwenyewe
mwaka juzi, wakati wa masika, nina haraka.
Saa ya mashine hutoa tarakimu tisa baada ya nukta.
Mimi nilihifadhi tatu.
Sita nilizikata kama vichwa vya migebuka,
nikidhani atakayeviulizia ni paka.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Na kibaba kikishajaa, haba ya baadaye humwagikia wapi?
Niliikuta kwenye faili ghafi lisilosomwa na mtu:
Mwavita, mbili sifuri nne, saba saba moja.
Ntakije, mbili sifuri nne, tisa sifuri sita.
Wamepishana vipande mia moja thelathini na tano,
na sekunde moja ina vipande bilioni.
Ukifumba jicho na kulifumbua
umekwisha kutumia zaidi ya milioni mia.

Katika kipande kimoja mwanga husafiri rula moja ya shule.
Rula mia moja thelathini na tano, basi:
nilitoka nje nikapima kwa miguu,
kutoka kwenye mizani hadi kichanja cha Bi Yolanda,
hatua hamsini na tatu.
Umbali huo ndio uliotaka kuamua magunia.

Ningeishia hapo. Namba ilikuwa nzuri,
na Mwavita alikwisha anza kutabasamu.
Ila ombi lake lilipokelewa na seva ya hapa mjini,
la Ntakije na seva ya Dodoma,
na saa zao, nilipozihoji moja moja,
zilipishana vipande milioni nne.
Sikujua ipi inakimbia, ipi inachechemea.

Tarakimu tisa.
Mbili zina ushahidi, saba zina madaha.

"Sijui," nikasema.
"Yaani mashine yote hiyo haijui?" Ntakije akauliza.
"Zinajua. Kila moja inajua lake."

Usiku ule nikarekebisha. Tarakimu zote tisa zihifadhiwe,
ndani ya namba kamili, si kwenye chombo cha desimali
kinachomeza mkia na kurudisha sifuri kwa adabu.
Lakini saa iwe shahidi, isiwe hakimu:
kila dau lipite mlango mmoja,
lipewe namba kwa mkono mmoja,
kama vile vikaratasi vya foleni zahanati,
ambavyo havijali ulitoka nyumbani saa ngapi.

Wao hawakunisubiri. Waligawana sita kwa sita
kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.
La kumi na tatu likabaki ofisini, limeegemea seva,
kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie kulichukua.
Siku ya nne leo.
Feni inazungusha harufu ile chumba kizima,
na mimi nahesabu, kwa sekunde nzima nzima.